Mstari Ulioamka Baada ya Magharibi

Jua limezama Msambweni, watu wanatoka msikitini, na Mwanarusi Salimu ndiyo kwanza anafungua kompyuta yake. Chumba chake cha kazi kiko juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kando ya barabara kuu, na harufu ya oili hupanda hadi mezani. Anaandika tarehe ya kesho, anabonyeza, anasubiri. Namba inatokea kwenye kioo. Anailinganisha na nyingine iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Zinalingana.

"Mchana kila kitu huwa sawa," anasema bila kugeuka. "Mchana hunidanganya. Ndiyo maana siku hizi nangoja giza liingie kwanza."

Mwanarusi ana miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Munje, na kazi yake ni kuunda tovuti. Maduka, shule na nyumba za wageni humlipa kiasi cha shilingi elfu thelathini kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Lakini kazi aliyoiweka moyoni haimlipi hata ndururu. Ni programu ndogo aliyoipa jina la Bamvua, ambayo humwambia mtu bahari ya pwani ya kusini itakupwa saa ngapi na kujaa saa ngapi.

Asiyejua bahari anaweza kuliona jambo hilo dogo. Kwa wanawake wa Munje wanaovua pweza, ndilo jambo lenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, maji hukimbia mbali na mwamba hubaki wazi. Mwanamke huvuka kwa miguu mkondo ulio kati ya ufukwe na mwamba, huchokoa pweza mashimoni kwa mti wake, kisha hurudi kabla mkondo haujajaa tena. Akichelewa, kati yake na nchi kavu kuna maji yanayokwenda kasi.

Miaka minne iliyopita, Mwanarusi aligundua kwamba kila tovuti ya pwani ina saa zake za maji, na hakuna mbili zinazokubaliana. Kila fundi alijitengenezea hesabu yake upya, na kila mmoja alikosea kwa namna yake. Akaamua kuitengeneza mara moja, vizuri, kisha aigawe bure. Yeyote angeweza kuichukua, kuitazama ndani na kuitengeneza. Programu za namna hiyo wataalamu huziita huria.

Kulikuwa na tatizo. Mafundi wa tovuti hawajengi kwa njia moja. Kuna wanaojenga kwa React, kuna wa Vue, kuna wa Svelte, na kila kundi linaamini wengine wamepotea. Programu iliyofungwa kwa moja haiingii kwa nyingine. Kwa hiyo Mwanarusi akaitenga hesabu yenyewe peke yake, isiyojua tovuti imejengwa kwa nini, kisha akaitengenezea mipini mitatu, kila kundi lishike wa kwake. Ukirekebisha hesabu mara moja, wote wanaipata.

"Ni kisu kimoja," anaeleza. "Mpini ndio unaobadilika. Sitaki ninoe visu vitatu."

Hesabu aliipata kwa mama yake, Mwanapili, mwenyekiti wa chama cha wanawake wavuvi wa pweza. Kwa miezi kumi na minne mama alirudi mwambani na kumtajia tarehe ya mwezi na saa ambayo maji yaligeuka, naye binti akaandika. Alipozilinganisha na jedwali rasmi la bahari, tofauti haikuzidi dakika tano. Leo zaidi ya tovuti elfu moja na mia tisa, kutoka Vanga hadi ng'ambo za mbali, zinaitumia.

Lakini katika yote aliyoandika, kuna jambo moja hakuliandika. Watu wa Pwani huhesabu tarehe ya mwezi kuanzia magharibi. Jua likizama, ni siku mpya, kwa hiyo usiku wa leo na mchana wa kesho vina tarehe moja. Mwanarusi aliiweka hesabu hivyo, na hakuongeza hata neno la maelezo, kwa sababu kwao hakuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa hilo. Hangeandika pia kwamba maji ni ya chumvi.

Jumatatu moja ya mwezi wa Februari mwaka huu, mstari mmoja wa kuongezwa kwenye programu ulimfikia kutoka Diani. Aliyeutuma ni Faith, fundi aliyetoka bara na kuweka kambi Ukunda, anayetunza tovuti ya hoteli moja inayowapeleka wageni kutembea mwambani. Faith alikuwa ameona kitu kisichomwingia akilini. Kila jioni, hoteli inapochapisha tangazo la kesho, ukurasa ulionyesha tarehe ya mwezi ya leo na ya kesho zikiwa sawasawa. Akadhani kesho imekwama. Akaandika mstari wa kuisukuma mbele kwa siku moja kila zinapolingana, akautuma kwa adabu na shukrani nyingi.

Mwanarusi aliufungua saa nne asubuhi. Majaribio yote, vile vipimo ambavyo programu hupimwa navyo kabla ya kutolewa, yalipita. Ni yeye aliyeyaandika majaribio hayo, na yote yalikuwa ya mchana, wakati ambapo tarehe mbili hizo hazilingani na mstari wa Faith hulala usingizi. Alifurahi kupata msaada wa mwenzake. Akaukubali, akatoa toleo jipya, akaenda kula.

Mstari uliamka jua lilipozama. Kuanzia jioni hiyo, kila aliyeuliza saa za kesho alipewa saa za kesho kutwa. Na kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini kuliko siku iliyotangulia.

Wiki hiyo haikuwa ya kawaida Munje. Sehemu ya mwamba ilikuwa imefungwa miezi mitatu ili pweza wakue, na Alhamisi ndiyo siku ya kuufungua. Wanunuzi walikuwa wameshaitwa. Wanawake zaidi ya mia moja walijiandikisha, na si wa Munje pekee. Wengine walitoka vijiji vya ndani, nchi ya mbuzi na mihogo, wakaja kwa jamaa zao ili nao wapate chochote. Mmoja wao alikuwa Sidi Kalama, mama wa watoto watatu, ambaye bahari alikuwa ameikanyaga mara mbili tu maishani.

Jumatano saa mbili usiku, simu zao zote zilipata ujumbe wa chama: kesho maji yatakupwa kabisa saa tano kasoro dakika nane. Mtu yeyote asikae mwambani zaidi ya saa moja baada ya hapo. Ukweli ni kwamba maji yangekupwa saa nne na dakika nne.

Alhamisi saa mbili asubuhi, simu ya Mwanarusi ikalia. Ni Faith, na sauti haikuwa ya maamkuzi. Anayewaongoza wageni wao alikuwa amesimama ufukweni Diani na tangazo la hoteli mkononi, akasema karatasi na bahari haviongei lugha moja. Maji yalikuwa yameshakwenda mbali mno kwa saa ile.

"Hebu cheki hizi saa za jioni," Faith alimwambia. "Nadhani ni mimi nimeziharibu."

Mwanarusi anakumbuka kwamba alihitaji dakika tatu tu kuuona mstari ule. Aliufuta, akaandika jaribio la jioni, la kwanza tangu programu izaliwe, akalipitisha. Saa tatu kasoro dakika tano akatoa toleo lililorekebishwa. Bamvua imeundwa hivi kwamba hesabu ikibadilika baada ya tangazo kutolewa, tovuti hujisahihisha na kuwatumia watu ujumbe mpya. Aliitazama tovuti ya hoteli: imejisahihisha. Akaitazama ya kikundi kimoja cha Tiwi: imejisahihisha. Akashuka chini kununua chai.

Alikunywa chai nusu saa nzima. Alimpigia Faith wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokoswakoswa. Hakuitazama tovuti ya tatu, ya chama cha mama yake, kwa sababu hiyo ndiyo aliyokuwa na hakika nayo kuliko zote.

Aliifungua ilipotimu saa nne, ili tu apate raha ya kuiona. Tangazo lilikuwa lile lile la jana.

Tovuti ya chama ilitengenezwa kwa kujitolea na Mbarak, mpwa wa mweka hazina, anayefanya kazi Tiwi. Simu yake haikupokewa mara tano. Ya sita aliipokea saa nne na dakika ishirini, ametulia, akitaka kujua shughuli ya mwamba inaendeleaje. Mwanarusi akamuuliza kwa nini tovuti haijachukua toleo jipya.

"Haiwezi kulichukua, da Mwanarusi," Mbarak akajibu. "Juzi niliinakili Bamvua yote, nikaibandika humu ndani yangu. Nilitaka isibadilike hata nukta mpaka siku ya mwamba ipite salama."

Si uzembe. Yeyote aliyewahi kuandaa shughuli kubwa ataielewa hofu ile. Mbarak aliogopa badiliko la dakika ya mwisho, akaitenga programu na chanzo chake, na alipoitenga ilikuwa Jumanne, kosa likiwa ndani. Tangu hapo nakala ile ilikuwa yatima. Marekebisho ya saa tatu kasoro dakika tano yangezifikia simu wakati wanawake wangali mchangani. Waliingia majini saa tatu na robo.

Mwanarusi alimpigia mama yake. Simu iliita hadi ikakatika. Alijua iko wapi: ndani ya kikapu pamoja na simu nyingine zote, ufukweni, maana mwambani hakuna pa kuzikaushia; huko wachache wenye saa za mkononi ndio huwatajia wenzao wakati.

Akashuka ngazi, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva Munje na asisimame. Anasema njiani hakuomba dua yoyote ya maana. Alikuwa akirudia kupiga hesabu: saa nne na dakika nne, weka saa moja na nusu, mkondo hauvukiki. Saa tano na dakika thelathini na nne. Wao wameambiwa wakae hadi saa sita kasoro dakika nane.

Saa tano kasoro dakika tano alikuwa ufukweni. Wanunuzi walikuwa wamekaa juu ya mizani zao wakipiga soga. Mbali, ng'ambo ya mkondo, wanawake walionekana wadogo, wameinama, wametawanyika juu ya mwamba mzima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anarudi.

Mwero, mvuvi aliyekodiwa na mtumbwi wake kwa ajili ya kuvusha pweza, alikuwa kando akishona kapu. Mwanarusi alimwambia kwa sentensi mbili. Mwero alitazama maji, akaacha kapu pale pale, akausukuma mtumbwi. Mwanarusi akaingia naye, na buibui lake, na viatu vyake.

Walipokaribia, Mwanarusi alianza kuita. Upepo ulimrudishia sauti. Walioinua vichwa walimpungia mkono, wakidhani amekuja kutazama. Ilibidi ashuke akimbie juu ya mwamba, akiteleza, akiwashika mmoja mmoja begani na kuwaambia rudini, saa imekosewa, rudini sasa hivi. Wenyeji walielewa haraka, wakaanza kuwaita wageni wao. Saa tano na nusu karibu wote walikuwa mkondoni, maji yakiwafika kiunoni, wameshikana mikono mistari mistari, makapu vichwani.

Watu watatu walikuwa mbali zaidi, ukingoni kabisa mwa mwamba. Wawili ni wa Munje. Wa tatu ni Sidi.

Walipofika mkondoni maji yalikuwa kifuani. Wawili wa Munje walijua kuvuka kwa ulalo, wakifuata maji badala ya kushindana nayo. Sidi alikwenda moja kwa moja, kama mtu avukavyo mto, na alikuwa bado amekumbatia kapu lenye pweza wanne. Maji yakamng'oa miguu. Mwanarusi alikiona kitambaa chake cha kichwa kikienda peke yake, na anasema hapo alipiga ukelele ambao hakujua kwamba anao.

Mwero alimfikia hatua thelathini hivi kutoka pale. Alimpa upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, akaushika. Alimvuta juu ya mtumbwi, na humo akazirai, amekunywa maji mengi. Alilazwa hospitali ya Msambweni siku mbili, akatoka akitembea. Kapu halikuonekana.

Jioni ile Mwanarusi alikwenda kwa mama yake. Alikuwa amejiandaa kugombezwa, na angependelea hivyo. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akakalishwa, akapewa uji. Ndipo akauliza swali lililokuwa likimkaba siku nzima. Mama amekwenda mwambani miaka arobaini. Hakuyaona maji yakigeuka?

"Niliyaona," Mwanapili alimjibu. "Niliyaona yageuka, na nikamwambia mwenzangu yageuka. Lakini simu ilisema bado, na simu ni wewe. Nikasema mwanangu hajakosea miaka miwili, basi ni macho yangu yameanza kuzeeka."

Mwanarusi hakulia pale. Alilia alipofika kwake, na anakiri kwamba wiki nzima hakuigusa kompyuta. Aliandika tangazo la kuifunga Bamvua, akaeleza kila kitu, akajitaja yeye mwenyewe na asimtaje Faith. Kabla hajalitoa, Faith alikuwa ameshaandika hadharani kwamba mstari ulikuwa wake, na tangazo la kufunga halikutoka. Kisha Faith akapanda gari hadi Msambweni, akakaa katika chumba hiki chenye harufu ya oili siku tatu, wakaandika pamoja yale yote ambayo watu wa Pwani hawaandiki kwa kuwa wanayajua. Siku huanza lini. Mwezi huhesabiwaje ukichelewa kuandama. Maelezo yalifika kurasa kumi na moja.

"Mimi niliona kosa mahali ambapo hakukuwa na kosa," Faith anasema. "Lakini nilikuwa naingia nyumba ya watu bila mwenyewe kunionyesha mlango."

Mbarak naye ameitupa nakala yake, tovuti ya chama imerudi kwenye kushirikiana na wengine, na sasa kila ukurasa unaotumia Bamvua huonyesha tarehe ya toleo lake. Likipitwa na jipya, maandishi hugeuka mekundu. Mafundi watatu, akiwamo Faith, wana ruhusa ya kutoa marekebisho, ili siku Mwanarusi akiwa anakunywa chai pasikosekane mwingine wa kuangalia.

Lakini badiliko lililozua kelele mitandaoni ni jingine. Hakuna tena toleo la Bamvua linalogusa hesabu ambalo litatoka kabla wanawake wa Munje hawajalipima kwa macho yao kwenye bamvua moja zima. Mwanapili huteua wanne, huenda mwambani, hurudi na karatasi ya saa walizoyaona maji yakigeuka. Karatasi isipokubaliana na kompyuta, kompyuta ndiyo inayorudi nyuma. Fundi mmoja wa Ulaya alilalamika kwamba kungoja wiki mbili kwa mabadiliko ya mistari miwili ni kituko. Mwanarusi alimjibu kwa heshima kwamba anaweza kuinakili akaende zake, ila akamweleza kilichompata aliyenakili.

Sidi alimtembelea mwezi wa Aprili, akiwa na mtoto wake mdogo na mfuko wa kunde. Mwanarusi alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, lakini mgeni alimkatiza. Alisema mwamba utakapofunguliwa tena Agosti atakwenda, maana watoto wanakula. Hakuja kulaumu. Alikuja na sharti moja.

"Yule anayeandika saa awe humo humo majini," alisema. "Nikimwona mbele yangu, nitaamini."

Mwanarusi, binti wa mwenyekiti wa wavuvi wa pweza, hajui kuogelea. Alipelekwa shule za bweni, akasoma kompyuta Mombasa, na bahari akaijua kwa namba. Tangu Aprili, kila Jumamosi maji yanapokupwa, mama yake humshika mkono na kumvusha mkondo kwa ulalo, na humwachia katikati. Mara mbili ameangushwa. Mara ya mwisho alifika ng'ambo peke yake, na Mwanapili akampangusa uso kwa ncha ya leso.

Mpango wake wa Agosti ameueleza kwa maneno machache. Atavuka na kundi la Sidi, hatabeba simu wala saa, na atarudi wa mwisho.

"Nina miezi miwili ya kujifunza," anasema. "Nikikosea tena, maji yatanikuta mimi kwanza."